Mtaa mzima tuna watoto wasiokuwa na pa kukaa, halafu tunakataa nyumba za bei nafuu

Asalaam aleikum ndugu zangu,

Nina hasira na wala sizifichi. Kikao cha shehia yetu, yaani mtaa ulio chini ya sheha, kimeukataa mpango wa nyumba za kupangisha kwa watu wa kipato cha chini. Kiwanja ni cha serikali, kipo nyuma ya skuli, na miaka nenda miaka rudi hakina kitu ila magugu na taka. Zilikuwa zijengwe nyumba za ghorofa tatu na wa mwanzo kupewa wawe watu wa wilaya hii hii. Mtaa siutaji kwa sababu tunajuana mno, lakini ni Mkoa wa Mjini Magharibi hapa Unguja, na wenyewe watajitambua.

Barua za mwito walipelekewa wenye nyumba tu. Wapangaji, ambao ndio wanaohusika hasa, hakuna aliyewaambia. Mwalimu mmoja wa skuli ya msingi alisikia dukani akaja kwa miguu yake. Akasimama na daftari, akaanza kusoma: chumba na ukumbi, laki na nusu kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mpigo, na dalali naye anataka mwezi wake. Hajafungua ukurasa wa pili, mzee mmoja wa mbele akamkata: "Mwanangu, wewe mpangaji, leo upo kesho hupo. Haya ni mambo ya wenye mtaa." Watu wakapiga makofi! Mwalimu akafunga daftari, akakaa chini. Na ndiye anayewafundisha kusoma wajukuu wa mzee huyo huyo.

Hebu tupige hesabu ambayo hakuachiwa aimalize. Laki na nusu mara sita ni laki tisa. Kima cha chini cha mshahara serikalini hapa Zanzibar kilipopandishwa mwaka 2022 kilifika shilingi 347,000. Mwenye mshahara huo anatakiwa atoe zaidi ya miezi miwili na nusu ya kazi yake kabla hajakabidhiwa ufunguo, bila ya kula, bila ya nauli, bila ya daftari la mtoto. Anazitoa wapi? Anakopa. Akimaliza kulipa deni, miezi sita imekwisha na mwenye nyumba yupo mlangoni.

Hoja iliyopigiwa kelele kuliko zote ni kwamba "watajaa wageni". Wageni gani? Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 Mjini Magharibi. Ya 2022 ikahesabu 893,169. Takriban laki tatu wameongezeka katika miaka kumi, na karibu nusu ya Wazanzibari wote wapo katika mkoa huu mmoja. Wamo waliohamia kutoka Pemba na kutoka bara, sikatai, na wao pia ni watu wanaofanya kazi hapa. Lakini tuingie uani kwetu wenyewe. Wangapi kati ya waliopiga makofi wana kijana aliyeoa akawekwa chumba cha nyuma, mlango umetiwa pazia, mke anasubiri shemeji zake watoke ndipo aende chooni? Mie nawajua, ni jirani zangu. Watoto hao ndio waliokataliwa nyumba, na waliowakataa ni wazee wao.

Kuna hoja moja siidharau, nayo ni stara. Nyumba zetu zina ua, na uani wanawake wanapika, wanafua, wanakaa bila ya baibui. Mtu akikujengea ghorofa tatu ubavuni na madirisha yakaangalia kwako, umenyang'anywa nusu ya nyumba yako. Bibi mmoja aliisema hoja hii vizuri sana, na alistahiki jibu. Jibu lipo: ngazi na baraza zielekezwe upande wa skuli, madirisha yanayotazama majirani yawekwe juu ya usawa wa macho, na sehemu za kuanikia nguo zizibwe kwa matofali ya matundu. Mafundi wetu wanayajua haya tangu zamani. Sasa ofisi iliyokuja kuwasilisha mpango ilifanya nini? Mkubwa wao alikuja na mchoro kaukunja, kautia mpira, kaushika mkononi kuanzia mwanzo wa kikao mpaka mwisho. Haukufunguliwa! Bibi kauliza madirisha yatatazama wapi, kajibiwa "serikali imeshalifikiria hilo". Wallahi mimi mwenyewe ninayezitaka nyumba hizi nilitamani kuinuka nikaufungue kwa nguvu. Mnataka watu wakubali kitu wasichokiona?

Maji na karo la maji machafu vilevile. Watu waliuliza maji yatapandaje ghorofa ya tatu ikiwa huku chini tunaamka usiku kukinga, na karo likijaa litamwagikia kwa nani. Ni maswali ya haki, kwa sababu kila mtu ameona kwenye maghorofa ya Michenzani watu wakipandisha ndoo kwa ngazi. Hakuletwa hata mtu mmoja wa maji kuyajibu.

Lakini msinilaghai kwamba yote ni stara na maji. Hatua chache kutoka hapo mtu kapandisha ghorofa mbili za kuwakodisha watalii, na madirisha yake yanaangalia nyua za watu. Hakuna aliyeitisha kikao. Wenye pesa wakijenga tunawaambia hongera. Akitakiwa kujengewa mwalimu, muuguzi au dereva wa daladala, tunakumbuka maadili ya mtaa.

Na wengine wana sababu ambayo hawakuthubutu kuisema hadharani: wana vyumba vya kupangisha. Nyumba za serikali za kodi nafuu zikisimama, laki na nusu yao haitapata mtu. Kuwa na vyumba si dhambi. Kuficha maslahi yako nyuma ya stara ya bibi wa watu, hilo ndilo linaloniudhi.

Halafu nani kasema nyumba za umma ni kitu kigeni kwetu? Baada ya Mapinduzi ya 1964, chini ya Mzee Karume, zilianza kujengwa nyumba za maendeleo Kikwajuni, Kilimani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, Michenzani, mpaka Makunduchi na Bambi, na Pemba nako. Mmoja wa waliopaza sauti zaidi kalelewa Michenzani, kasomea pale, kaolea pale. Nyumba ya umma ndiyo iliyomlea. Na ardhi yenyewe, kwa sheria ya 1992, ni ya umma. Tulichonacho sote ni haki ya matumizi. Hicho kiwanja si urithi wa waliokaa viti vya mbele.

Tukikataa, watu hawatoweki. Wanakwenda kununua kipande bondeni, kwenye mashamba ya mpunga au njia ya maji, wanajenga kidogo kidogo, na masika yakija maji yanaingia mpaka kitandani. Tukiwaona kwenye taarifa ya habari tunasema "nani kawaambia wajenge mabondeni?" Sisi ndio tuliowafukuza huku juu.

Ninachotaka ni kikao kirudiwe, na safari hii tusingoje siku ya kikao ndipo tuanze kusema. Wapangaji waitwe, kwa sababu sheha ni sheha wao pia. Wanaoafiki wapite nyumba kwa nyumba kabla, wakae na akina mama uani, maana baba akishapiga makofi mbele ya wenzake hawezi tena kurudi nyuma. Mchoro ubandikwe skuli watu wauone. Kodi iandikwe kwenye karatasi, na vigezo vya nani anapewa viandikwe, ili mtu asiseme zimegaiwa kwa kujuana. Nina hakika nusu ya waliokataa wangekubali. Baadhi yao wameniambia hivyo pembeni, kwa sauti ndogo, baada ya kutoka.

NYONGEZA: Kuna ndugu ameniandikia kwamba zijengwe mbali, Tunguu au Fumba. Ndugu yangu, anayesafisha wodi hospitali ya Mnazi Mmoja anatakiwa kazini alfajiri. Umempa nyumba ya nafuu kisha unamla kwa nauli, na akichelewa anakatwa.

Anayejua utaratibu wa kulirudisha jambo hili manispaa baada ya shehia kukataa, aandike hapa chini. Na kama mtaa wenu ulikataa kisha ukakubali, tuambieni nani alianza kuzungumza na nani.