Kangaga la mwambani (Pellaea calomelanos) linajikunja kwenye chungu: ni kiu au kuoza?

Jabali_na_Nyufa aliuliza:
Wadau, habari. Nina makangaga matatu ya Pellaea calomelanos yaliyooteshwa kwa spora (vumbi la uzazi la makangaga, badala ya mbegu), umri miaka miwili. Vyungu ni vya plastiki nyeusi, upana sm 14. Udongo ni mboji nusu, mchanga laini nusu. Yamekaa kivulini, maji kila siku ya tatu. Wiki tatu sasa vijani (vile vipande vidogo vinavyounda jani) vimejikunja, majani mawili yamekauka kuanzia chini, na pale mabua yanapotokea pamekuwa peusi. Kuongeza maji kumezidisha tatizo. Nianzie wapi? Na je, chokaa inasaidia?

Bua_Jeusi alijibu:
Kujikunja peke yake si ugonjwa. Kangaga hili huishi kwenye nyufa za mawe ambako miezi mingi haipati tone, basi hukunja vijani, hukauka mpaka likasikika kama karatasi, na mvua ikirudi hufunguka upya. Jani lenye kiu hukauka likiwa zima, bua lake likabaki gumu na kung'aa. Jani linalooza huanzia chini: bua linalegea pale linaposhikana na shina, ukilivuta kidogo tu linatoka. Maelezo yako yanaangukia hili la pili.

Toa mmea kwenye chungu, kung'uta udongo, tazama mizizi. Wengi wanakosea hapa: mizizi ya makangaga ni myeusi kwa asili yake, kwa hiyo weusi si dalili. Ibane kwa kucha. Mzizi hai ni mgumu kama waya mwembamba na ncha yake changa ni ya rangi hafifu. Uliokufa ganda linateleza, unabaki umeshika uzi mtupu. Kata yote iliyokufa, kisha kata kipande cha shina mpaka ufike palipo pagumu na peupe au pa kijani hafifu. Ukifika mwisho bado ni kahawia laini, huo mmea umekwisha, usiupotezee muda.

Udongo wako ndio chanzo. Mchanga laini hauchuji chochote, unajaza nafasi kati ya chembe za mboji na hewa inakosa pa kupita. Changanya hivi: kokoto za mm 3 hadi 6 sehemu tatu, mchanga wa chenga nene sehemu moja, mboji ya majani iliyochekechwa sehemu moja. Kokoto zioshe kwanza mpaka maji yatoke meupe, maana vumbi lake likituama chini linaganda na kuziba matundu. Jaribio rahisi: mimina maji juu ya chungu kilichojaa. Yakisimama juu zaidi ya sekunde chache, ongeza kokoto.

Pandikiza shina likiwa juu kidogo ya usawa wa udongo, lizungushie vipande bapa vya mawe. Hayo mawe si pambo: yanaweka kitovu, yaani pale majani yanapochipukia, kikavu, na chini yake mizizi inabaki kwenye ubaridi. Kama umekata mizizi mingi, kaa siku mbili bila kumwagilia.

Mwanga_wa_Asubuhi alijibu:
Naongezea mwanga, ambao mkuu hapo juu ameuruka. Kivuli kizito kinafanya majani marefu, laini, yanayolala. Lipe jua la asubuhi kwa muda wa saa tatu au nne, mchana kivuli chenye mwanga mwingi. Ila usitoe chungu cheusi cha plastiki juani hivyohivyo, kinachemsha mizizi. Mwambani jani huvumilia jua kali kwa sababu mizizi iko ndani ya ufa, kwenye ubaridi. Tumia chungu cha udongo, kirefu kuliko kipana.

Chokaa: acha. Makangaga kadhaa ya miambani yanapenda mawe ya chokaa, lakini hili humea hata kwenye mawe ya itale yasiyo na chokaa. Mbolea robo ya kipimo kilichoandikwa, mara mbili tu wakati linachipua. Ukizidisha naitrojeni unarudi kwenye majani yaleyale yanayolala.

Pia hakikisha ni lenyewe kweli. Vijani vya P. calomelanos ni vigumu kama ngozi, buluu-kijivu, kila kimoja kwenye kikonyo chembamba cheusi. Kama vijani ni laini na kijani kibichi, huenda ni Cheilanthes viridis, nalo linavumilia unyevu zaidi.

Jabali_na_Nyufa alijibu:
Ni lenyewe, buluu-kijivu na vikonyo vyeusi. Nimebana mizizi: mmea mmoja ganda lote linateleza na shina ni kahawia hadi mwisho, miwili ina mizizi migumu nusu. Huo uliokufa naweza kuuziba kwa kung'oa mwingine mwambani?

Spora_kwa_Spora alijibu:
Usiung'oe. Shina limejibana ndani ya ufa na mizizi imeingia mbali kuliko unavyoona. Ukivuta unapata majani na kipande cha shina kisicho na mizizi, nacho hufa. Chukua jani moja tu, na ndani ya hifadhi hata hilo linahitaji kibali.

Geuza jani. Ukingo wa kila kijani umejikunja kufunika mstari wa spora. Mstari ukiwa wa kijani au mweupe ni mapema mno; ukiwa kahawia iliyokolea lakini haujapasuka wote, ndio wakati wake. Liweke katikati ya karatasi mbili nyeupe, mahali pasipo upepo, siku mbili. Inamisha karatasi na uigonge taratibu: makapi huteleza kwanza, spora hubaki nyuma kama vumbi jeusi. Makapi ndiyo yanayoleta ukungu, kwa hiyo rudia mara mbili.

Mchanganyiko uleule, ila uchekeche uwe laini zaidi, umwagie maji yanayochemka, uache upoe ukiwa umefunikwa. Nyunyiza spora chache. Zikibanana zinatoa utando mnene usiozaa kitu. Funika kwa plastiki angavu, weka penye mwanga bila jua la moja kwa moja. Utando wa kijani huja baada ya wiki kadhaa. Ukiwa wa utelezi na unang'aa, huo ni mwani: maji yamezidi. Ukiwa na visahani vidogo vya umbo la moyo, uko sawa, subiri majani.

Majani yakifika sm 2, anza kufungua kifuniko kidogokidogo kwa wiki tatu au nne. Ukikitoa siku moja, yanakauka kabla hayajajifunza kujikunja. Ukikiacha miezi, yanaoza shinani, kama hayo yako.

Bua_Jeusi alijibu:
Hiyo miwili iliyobaki: mwagilia pembeni ya chungu, si juu ya kitovu, na subiri kokoto zikauke hadi kina cha kidole kabla ya kurudia. Majani yaliyojikunja usiyakate mpaka utakapoona chipukizi jipya limejiviringa.