Mama alitembea mita 380 Dar es Salaam, Mbeya amefikisha 325: je, ugonjwa umezidi?

Mtoto wa Tukuyu
Heshima kwenu nyote. Mama yangu ana miaka 64, amepikia kuni tangu usichana wake, na ana ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Mwezi Machi, alipokuwa kwa kaka Dar es Salaam, alipimwa kutembea kwa dakika 6 akafikisha mita 380. Juzi amerudia kipimo hicho Mbeya akapata mita 325, ilhali mwenyewe anasema haoni tofauti yoyote anapokwenda shambani. Je, mapafu yamezidi kuharibika? Na tumzuie kupanda kilima cha kwenda sokoni?

Fiziotherapia, Iringa
Pole na uuguzaji, ndugu yangu. Kwa wagonjwa hawa badiliko la takriban mita 30 huhesabiwa kuwa na uzito, kwa hiyo mita 55 si za kupuuza. Hata hivyo, kabla hamjayalaumu mapafu, ulizia korido aliyotembea. Inayopendekezwa ni iliyonyooka, yenye urefu wa mita 30. Ikiwa fupi, mgonjwa hugeuka mara nyingi, na kila anapogeuka hupoteza mwendo. Vilevile Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani, na mapafu yaliyochoka hulihisi jambo hilo zaidi mwili unapofanya kazi. Kile kifaa cha kidoleni kilisoma oksijeni ya damu kiasi gani?

Mtoto wa Tukuyu
Ahsante sana. Nimeuliza: korido ilikuwa ya mita 12. Oksijeni ilianza asilimia 92 ikashuka hadi 84. Dar es Salaam ilikuwa 95 ikaishia 90.

Muuguzi wa kifua
Basi matokeo hayo mawili ya mita hayalinganishiki, na ningesikitika kuona familia ikikosa usingizi kwa ajili yake. Kinachonishughulisha mimi ni hiyo 84, ambayo daktari wake anapaswa kuiona wiki hii, korido iwe fupi au ndefu. Ombeni kipimo kirudiwe kwenye korido ya mita 30, mara mbili kwa siku hiyohiyo, apumzike angalau nusu saa katikati, na lichukuliwe tokeo lililo bora, kwa kuwa mara ya kwanza wengi bado wanajifunza. Avae viatu vyake vya kila siku na atumie dawa zake kwa saa zilezile.

Kuhusu kilima, msimkalishe ndani. Misuli ya miguu isiyotumika hudhoofika, na miguu dhaifu humfanya aheme mapema zaidi. Hadi daktari atakaposema, apite njia ya tambarare, apumzike kila anapohitaji, na atoe pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza chai. Akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, asimame mara moja.

Mtoto wa Tukuyu
Nimempigia kaka; Alhamisi tunampeleka mama kwa daktari na karatasi zote mbili.