Mafuta yakimwagika gatini, sabuni inaruhusiwa?

MgeniWaGati:
Wakuu, salaam. Mimi ni mpya kwenye zamu ya kujaza mafuta melini. Juzi usiku dizeli ilimwagika, ikatanda kati ya meli na ukuta wa gati. Msimamizi akaagiza tumwage sabuni ya maji, na kweli mng'ao ukapotea. Asubuhi mwingine akaja kufoka kwamba tumeharibu. Nani yuko sahihi? Halafu kizuizi cha kuelea tulikikingamisha mbele ya mkondo, mafuta yakapita chini yake. Ni kibovu?

FundiVali:
Aliyefoka yuko sahihi. Sabuni haiondoi mafuta, inayavunja tu yawe matone madogo yanayozama na kuchanganyika na maji, na hapo hakuna mashine itakayoyakusanya. Mwaka 1967, meli ya mafuta Torrey Canyon ilipopanda mwamba Uingereza, walimwaga dawa kali za kusafishia, zikaua viumbe wa miambani kuliko mafuta yenyewe. Dawa za siku hizi ni afadhali, lakini hazimwagwi bila kibali, na bandarini maji ni mafupi na yametulia.

Kizuizi chenu huenda ni kizima kabisa. Tupa kijiti majini: kikimaliza mita moja chini ya sekunde tatu, mkondo una nguvu kupita uwezo wa kizuizi kilichokingama. Kiwekeni mshazari, kiyasukume mafuta hadi kwenye kona iliyotulia, mashine ya kufyonza ikiwa inasubiri pale pale. Angalieni pia ncha inayogusa ukuta. Maji yakijaa au kupwa, kama haipandi na kushuka nayo, panabaki mwanya na mafuta yanajitokea zake.

Ila mimi ningeuliza kwanza yalimwagikaje. Mara nyingi ni tangi linapokaribia kujaa, pampu bado inasukuma kwa kasi ile ile, na mwenye redio yuko upande wa pili. Anzeni polepole, kagueni maungio ya mpira wa kupitishia mafuta, punguzeni tena mwishoni. Na vizibo vya matundu ya sitaha, vinavyozuia mafuta yasitiririke baharini! Mvua ikinyesha mtu huchomoa kimoja maji yatoke, kisha anakwenda zake kunywa chai.

Zamu_ya_Usiku:
Naongezea: ikiwa ni petroli, msiizungushie kizuizi kabisa. Mvuke wake ukikusanyika unasubiri cheche tu. Zimeni injini zilizo karibu, ondoeni watu, iteni zimamoto.

MgeniWaGati:
Shukrani wakuu. Na yakiwa machache, kama ndoo moja hivi, lazima turipoti?

FundiVali:
Ripotini. Meli ya tani 400 kwenda juu inatakiwa na MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli zisichafue bahari, iwe na mpango wa dharura wa mafuta, na ndani yake mna orodha ya wa kupigiwa simu bandarini. Injinia wa meli anaujua ulipo, mwambie akuonyeshe kabla mpira haujafungwa. Na hiyo sabuni iandikeni kwenye ripoti, maana watakaokuja kupima maji wanahitaji kujua ilimwagwa.