Mrejesho: ile regyuleta orijino ya Land Rover Series II nimeipata

Wakuu, narudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Kwa waliosahau, nilikuwa natafuta regyuleta ya dainamo (kifaa kinachodhibiti chaji inayokwenda kwenye betri), Lucas RB106/2 orijino, ya Land Rover Series II ya 1960 ninayoifufua, maana ile kopi mpya niliyofunga ilikuwa inachemsha betri mpaka maji yanatoka juu.

Kilichonisaidia ni ushauri wa yule aliyesema niache kutafuta kwa jina la gari nitafute kwa namba ya kifaa. Kumbe RB106/2 hiyohiyo ilifungwa mpaka kwenye Morris Minor, mimi miezi yote nahangaika na Land Rover tu! Nikaikuta kwenye sanduku la vyuma chakavu, kifuniko kina vumbi ila chini imegongwa mwezi na mwaka, 6 60, nusura nipige kelele.

Haikufanya kazi siku hiyohiyo. Platini za katauti (swichi ya ndani inayounganisha na kukata dainamo na betri) zilikuwa nyeusi tii, nikazipitishia msasa laini taratibu, halafu nikapima waya moja moja kwenye sehemu zake za kufungia waya, A, A1, F, D na E, ndo nikakuta ya E (ya ethi) imelegea. Huenda waya huo ndio uliochemsha betri, kwa hiyo pengine hata ile kopi nimeilaumu bure kidogo, ila siirudishi ng'o.

Dainamo nayo nikaichombeza (yaani kuipa sumaku ya upande sahihi), waya wa moto wa betri nikaugusisha kwenye F ya dainamo mara mbili tatu ikatoa cheche (waya za dainamo chomoeni kwanza jamani). Sasa ukipiga resi taa nyekundu ya chaji inazima kabisa.

Bado natafuta swichi ya taa, mwenye nayo aniambie.