Ukoo wa Babu Salum

Shangazi Zawadi: Asalaam alaykum. Rehema anaingia Dar Jumamosi, Chuo Kikuu (UDSM) mwaka wa kwanza. Nani anampokea stendi ya Mbezi? Nijibiwe leo.

Shangazi Zawadi: Tiki za bluu naziona.

Hamisi: Waalaykum salaam shangazi. Mi Jumamosi niko kazini. Basi linamshusha Mbezi Luis, siku hizi si Ubungo. Apande gari la Ubungo, pale achukue daladala inayoingia Chuo. Asije akashuka Mlimani City akaulizia Utawala, jengo la ofisi za chuo 😂 yale ni maduka.

Rehema: Sawa kaka. Na hosteli?

Hamisi: Ukipata Magufuli uko ndani ya chuo. Mabibo ni nje, utaamka mapema. Siku za mwanzo tembea kwa miguu: Utawala, ukumbi wa Nkrumah, madarasa ya Yombo, maktaba mpya ya 2018. Ukipotea kaa kwenye kimbweta (yale mabenchi ya zege ya kusomea) chenye kivuli, hukosi wa kukuelekeza. Vaa raba, ile milima si ya mchezo.

Mjomba Kassim: Nkrumah si ile ya nyuma ya noti ya 500? Kumbe anaijua 😂

Hamisi: Hizo zimeshaondolewa mjomba

Mjomba Kassim: Mbona Rashidi bado anachangia nazo 😂😂

Baba Mdogo Rashidi: La harusi ya Asha tulishalimaliza. Mtoto aje kwangu Mbagala, chumba kipo.

Mama Rehema: Ahsante shemeji

Hamisi: Mbagala mpaka chuoni Mlimani kila siku? Kipindi cha saa 1 asubuhi je?

Shangazi Zawadi: Na wa mwisho kukaa kwa Rashidi tunajua alirudi vipi. Nisifukue.

Baba Mdogo Rashidi: Umeshafukua, dada.

Shangazi Zawadi: MBEZI NANI???

Asha: Hongera Rehema 🎉🎉

Babu Salum: Nimesomewa yote. Chuo hicho 1961 kilianzia Lumumba, jengo la TANU, wanafunzi 14, wote wa sheria. Mlimani walihamia 1964. Binti wa kwanza wa nyumba hii kuingia ni huyu. Asilale kwa mtu, alale hosteli na wenzake. Rashidi amtembeze mjini, Kariakoo na Kivukoni, mpaka ajue njia ya kurudi mwenyewe.

Baba Mdogo Rashidi: Nimesikia baba.

Shangazi Zawadi: Haya. Kwa hiyo Mbezi ni Rashidi.

Baba Mdogo Rashidi: Baba kasema mjini. Mbezi hajaitaja.

Hamisi: Kwani basi linafika saa ngapi?

Rehema: Sijakata tiketi kaka. Nasubiri nauli ya shangazi 🙈

Shangazi Zawadi: Nauli kesho. Mimi nauliza MBEZI.