Nimependekezwa mzee wa kanisa ila najiona sistahili, nikatae?

Fundi Cherehani
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Usharikani kwetu wamenipendekeza niwe mzee wa kanisa na mchungaji anataka jibu wiki hii. Mi ni fundi nguo, nimeishia la saba, halafu nina kigugumizi kile cha kukwama kabisa, nikipewa somo ibadani nikifika kwenye "kwa kuwa" nabaki hapohapo mpaka watu wanaanza kukohoa. Na nina hasira za haraka, mke wangu anajua na wateja wanajua. Kanisani kuna walimu, kuna nesi, watu wanaojua kupanga maneno. Naona unyenyekevu ni kuwaachia hao, au mnaonaje?

Binti Sayuni
Asifiwe sana kaka. Soma Kutoka 4 taratibu. Musa alijitetea hivyohivyo, ulimi wangu mzito, na Mungu hakuahidi kumponya ulimi, alimwambia nitakuwa pamoja na kinywa chako, na Musa alipoendelea kusema tuma mwingine Mungu alikasirika kabisa ndo akampa Haruni wa kumsemea. Alafu Hesabu 12:3 inasema huyuhuyu Musa alikuwa mpole kuliko watu wote. Kwahiyo mi naona unyenyekevu wake ulikuwa kwenda kwa Farao na ulimi wake uleule.

Mjukuu wa Mlokole
Bibi yangu alikuwa mlokole kule Kagera, nimekua nikisikia habari za uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, na ndo maana swali lako limenigusa. Watu walioanza nao ni wa kawaida sana jamani. Daktari Mwingereza wa misheni, Joe Church, alichoka mwili na roho baada ya njaa kubwa Rwanda, 1929 akaenda Kampala akakutana na Simeoni Nsibambi pale Namirembe. Nsibambi hakuwa mchungaji, alikuwa mtumishi wa serikali idara ya afya. Wakakaa na Biblia wakisoma habari za Roho Mtakatifu.

Ila anayenigusa zaidi ni Yosiya Kinuka, mkuu wa wasaidizi hospitali ya Gahini. Huyu alikuwa amekata tamaa na ile hospitali, akaenda kwa Nsibambi akiwa amejaa malalamiko, Nsibambi akamwambia shida imo moyoni mwako mwenyewe. Hebu fikiria unaambiwa hivyo na umetoka mbali. Alirudi Gahini mtu mwingine, akawa mmoja wa viongozi wa uamsho. Walokole walikuwa wanatubu hadharani, mzungu anamuomba msamaha Mwafrika mbele za watu enzi za ukoloni, sio kitu kidogo kile. Mpaka leo ule wimbo wao wa Tukutendereza Yesu unaimbwa huku kwetu na watu ambao hata Kiganda hawakijui.

Msharika wa Pwani
Amina kwa yote hayo ila naomba kuongeza, maana haya mafundisho ya Mungu anatumia wadhaifu kuna viongozi wanayageuza kichaka cha kujifichia, anakula sadaka ukimuuliza anasema hata Daudi alianguka. Daudi alianguka ndio, lakini nabii Nathani alimwambia usoni wewe ndiwe mtu huyo, akakiri, na bado maumivu yakaingia nyumbani kwake. Fundi, kigugumizi sio dhambi, usikiweke fungu moja na hasira. Tito 1:7 inamtaka askofu asiwe mwepesi wa hasira, na mi naona mzee wa kanisa pia inamhusu. Hiyo kamwambie mchungaji waziwazi kabla hujakubali.

Fundi Cherehani
Asanteni sana, habari ya Kinuka nimeirudia mara mbili. Kuna mzee mwenzetu tulikosana kuhusu hela za sare za kwaya, tangu hapo salamu ni za mdomoni tu. Nianzie kwake au kwa mchungaji?

Mjukuu wa Mlokole
Anzia kwake, tena kabla ya jumapili, Mathayo 5:23-24 iko wazi. Ukifika usianze na makosa yake, sema ya kwako tu hata kama yeye hatasema ya kwake. Ndo uende kwa mchungaji. Masomo ya ibadani anaweza kusoma mwingine, kazi kubwa ya mzee ni kuzunguka kwa wagonjwa na wafiwa na wale walioacha kuja. Na kama kuna hela ya sare imebaki kwako nenda nayo mkononi.