Daudi kakosea, wamekufa wananchi 70,000. Hapo haki iko wapi?

Mleta mada: Wakuu habari za jioni. Leo kwenye feloshipu tumesoma 2 Samweli 24, nikauliza swali, mwinjilisti akalimaliza na "Mungu ni mwenye enzi, hahojiwi", tukafunga kwa maombi. Mi sijaridhika. Daudi anaagiza sensa ya wanaume wa kushika upanga, Yoabu mkuu wa jeshi lake anamwambia bwana wangu hii ya nini, mfalme kakaza, wanazunguka nchi nzima miezi 9 na siku 20, namba ikishaletwa ndo moyo unaanza kumchoma. Asubuhi nabii Gadi huyo na adhabu tatu achague mwenyewe: njaa miaka 7, kukimbizwa na maadui miezi mitatu, au tauni siku tatu.

Sasa hapo ni moja tu inayomlenga yeye mwenyewe, ya kukimbizwa, na ndo hiyo hiyo anaikataa kwa mdomo wake, "nisianguke katika mkono wa wanadamu". Tauni ikapita Dani mpaka Beer-sheba, yaani nchi nzima. Mi naona kiongozi kakwepa, msinipige mawe.

Mchangiaji: Mkuu umesoma nusu. Mstari wa 1 kabisa, hasira ya Bwana iliwaka juu ya Israeli KABLA ya sensa, so hao watu hawakuwa malaika. Na tauni haijui ikulu, hata yeye ingembeba. Alikimbilia rehema akaipata, malaika kafika Yerusalemu akaambiwa yatosha. Kosa liko wapi?

Mchangiaji mwingine: Kaka zangu mnamsahau Yoabu. 1 Nyakati 21 inasema agizo lilimchukiza hadi makabila ya Lawi na Benyamini hakuwahesabu. Alijua ni kosa na bado wengine wote kawahesabu! Wasaidizi wa wakubwa mpo?

Mleta mada: Dada hapo umenimaliza 😂. Mkuu wa mstari wa 1 nakubali, ila kosa la wananchi halijatajwa popote kwenye hiyo sura, nimetafuta. Na kweli baadaye alisema "kondoo hawa wamefanya nini", ila kasema akishamuona malaika, kwa Gadi asubuhi hakusema. Halafu Arauna, mwenye uwanja wa kupuria nafaka ambapo Daudi aliambiwa ajenge madhabahu, anampa uwanja na ng'ombe bure, Daudi anakataa, analipa shekeli 50 za fedha, eti hawezi kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu kitu. Haya nipigieni hiyo hesabu.